Koleo ni lipi? Majina ya vifaa yanafuata kazi

Hakuna kifaa kinachogombanisha watu kwa Kiswahili kama koleo. Mmoja atakwambia koleo ni ile ya kuchotea mchanga na kuchanganyia zege, mwingine atasema hapana, koleo ni ile ya kubania, ya mhunzi, na kila mmoja anamwona mwenzake hajui lugha. Afu anakuja wa tatu anasema hiyo ya kuchotea mchanga inaitwa chepe, wa nne anasema sepetu, wa tano beleshi, na mzee mmoja pembeni anakumbusha kwamba zamani walikuwa wanasema pauro. Ubishi unaishia kwa mtu kuitisha kamusi na kamusi nayo haimalizi kitu, manake mengi ya maneno hayo yamo humo humo.

Mi ni mtu wa Tanga na huu ubishi hapa kwetu tunausikia sana, kwa sababu Tanga ni mji uliopitiwa na kazi za kila namna. Bahari ipo, bandari ipo, reli ipo, mashamba ya mkonge yapo, milima ya Usambara inashusha mboga na matunda kila asubuhi, na mpaka wa Horohoro uko karibu kiasi kwamba maneno ya Mombasa yanaingia pamoja na mizigo. Ukikaa sehemu kama hii unaanza kuona kitu ambacho wabishi hawakioni. Watu wanadhani majina ya vifaa yamegawanywa kimkoa, yaani Tanga wanasema hivi, Mwanza wanasema vile, Unguja wana lao, ukishajua mtu katoka wapi basi umeshajua ataita nini. Mi naona jina linafuata kazi kabla halijafuata mkoa. Panapofanyika kazi fulani sana, kwa miaka mingi, na mikono mingi, vifaa vyake vina majina mengi na kila jina lina mipaka yake, na pale kazi hiyo isipofanyika jina moja linabebeshwa vitu vyote vinavyofanana.

Chukua hiyo hiyo koleo. Mhunzi anayetoa chuma chekundu motoni hana namna ya kukiita kile kinachobana kwa jina lolote la kubabaisha, koleo kwake ni mkono wake wa pili na akisema "nipe koleo" anataka kitu kimoja tu, na anakitaka sasa hivi. Kwenye saiti ya ujenzi hakuna chuma cha moto. Hapo saidia fundi akiambiwa alete koleo anajua ni kuchota mchanga, hakuna wa kumchanganya, na fundi umeme akifika hapo hapo saitini na kifaa chake cha kubania na kukata waya yeye anakiita praizi, kwa hiyo hawagongani. Majina mawili, kazi tatu, na watu hao wote wanaweza kuwa wamezaliwa mtaa mmoja Makorora. Ndo maana nasema mkoa peke yake hauelezi.

Au angalia mwiko. Mama ntilie anasongea ugali kwa mwiko, fundi mwashi anapigia plasta kwa mwiko, na sijawahi kusikia mtu akigombana kuhusu hilo. Karai nalo vile vile, limekaa kwa muuza mihogo na chipsi na limekaa kichwani kwa wanaopandisha zege gorofani. Jiko na saiti hazikutani, basi neno moja linatosha kwa wote wawili.

Sasa tuje baharini, manake huko ndo utaona utajiri wenyewe. Nenda pale Deep Sea, wanakoshushia samaki hapa Tanga, asubuhi vyombo vikiwa vinarudi, sikiliza watu wanavyoongea. Hutasikia mtu anasema "mtego" wala "wavu" hivi hivi tu. Dema ni mtego wa kusukwa, samaki anaingia mlangoni na hajui kutoka, ukivuka mpaka kwenda upande wa Kenya wavuvi wenzetu wanaita malema, na hapo ndo unaona tofauti ya mahali kweli kweli, kazi ni ile ile, kifaa ni kile kile, jina limebadilika kidogo tu na ukoo wake unauona. Jarife ni nyavu ya matundu makubwa ya kukamatia samaki wakubwa kama papa na taa. Juya ni lile la kuburuta. Na hili juya nitalisemea zaidi, kwa sababu huko maziwani wanaita kokoro, na hata kwenye matangazo ya kukataza uvuvi haramu neno linalotangulia ni kokoro, makokoro yamekamatwa, makokoro yamechomwa. Mvuvi wa pwani analijua neno hilo kwa kulisikia redioni, lakini mkononi kwake anavuta juya. Kama unataka watu waache kifaa kinachozoa vifaranga vya samaki na kuharibu majani ya bahari, inabidi ukitaje kwa jina wanalolitumia wakati wa kukishika, la sivyo kila mtu atasikia tangazo kama linamhusu mtu wa ziwa fulani mbali huko.

Ndani ya chombo mambo ni hivyo hivyo. Kafi ni la mkono, unapiga maji huku umelishika lote, na kasia ni lile refu linaloegemea ubavuni mwa chombo. Mtu wa bara akikuona nalo anasema kasia kwa yote mawili na wala hajakosea kwa mahitaji yake, yeye hapigi. Upondo ni ule mti mrefu wa kusukumia chombo maji yakiwa madogo, na wengine wanasema pondo. Upo ni wa kufulia maji yaliyoingia chomboni, na hapo tena kuna watu watasoma "kufua maji" washangae, wao wanajua kufua nguo tu, lakini pwani tunafua maji, tunafua nazi, na mhunzi anafua chuma.

Na mafundi wanaojenga hivyo vyombo, hao ndo wanaonitia wasiwasi zaidi kuliko wote. Fundi wa mashua ana tezo, ambalo mtu akiliona harakaharaka atasema ni shoka lililogeuzwa au jembe dogo, lakini kazi yake ni kuchonga na kulainisha ubao ukae na mkunjo wa ubavu. Ana patasi, ana juba, ana randa, ana msumeno, ana pamba na mafuta ya kukalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao. Ana deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na mafuta anaopaka chini ya chombo maji yasipenye. Na ana keekee. Leo ukisema keekee kijana anadhani ni kifaa kimoja tu cha kutobolea mbao, na ndivyo tunavyofundishana, lakini keekee la mafundi wa zamani lilikuwa na viungo na kila kiungo kina jina: keekee yenyewe ni kile chuma cha ncha, kinaingia kwenye mti unaozunguka unaoitwa msukano, juu kuna kishikio kinaitwa jivu ambapo fundi anakandamiza kwa mkono mmoja, na mkono wa pili anavuta uta wenye kamba iliyouzunguka msukano, unaenda na kurudi, tundu linaingia. Majina manne kwa kifaa kimoja. Mtu asiyetoboa mbao angehitaji majina manne ya nini? Aliyayahitaji fundi na mwanafunzi wake, ili akisema "jivu limelegea" mwanafunzi ajue pa kushika bila kuelekezwa kwa kidole.

Leo hii fundi huyo huyo ana drili. Drili ni neno zuri, halina kosa, na linaeleweka kuanzia Tanga mpaka Kigoma bila mkalimani. Hapo pana jambo ambalo mi naliona ni kanuni kabisa: kifaa kilichokuja kimekamilika ndani ya boksi kimekuja na jina lake moja, na jina hilo linafanana karibu kila mahali. Spana ni spana. Jeki ni jeki. Gerenda la kukatia vyuma ni hilo hilo, chenso la kuangushia miti ni hilo hilo. Tanga inasifika kwa baiskeli, watu wazima kwa watoto, wanaume kwa wanawake wanaendesha, na pamoja na wingi wote huo wa baiskeli hutapata majina ya Kitanga ya spoku, cheni, tairi au pampu. Yamekuja na baiskeli yakakaa. Kifaa kilichochongwa, kilichosukwa au kufinyangwa hapa hapa, na kila kijiji kwa mkono wake, ndo kina majina ishirini.

Kuna kimoja tu kinaivuruga kidogo hiyo kanuni na nakipenda kwa sababu hiyo. Lile galoni la lita 20. Lilitengenezwa Ujerumani miaka ya 1930 kwa ajili ya jeshi, la chuma, Waingereza wakaliona vitani wakaliiga, na baadae likaja la plastiki ndo tunalobebea maji leo. Lilikuja limekamilika, lilitakiwa liwe na jina moja. Lakini Watanzania wengi tunaita dumu, na dogo lake kidumu, Wakenya wengi wanaita mtungi, na wengine wanasema jerikani au galoni. Kwanini? Mi naona ni kwa sababu halikuleta kazi mpya. Kazi ya kuchota na kuhifadhi maji ilikuwepo tangu enzi na vyombo vyake vilikuwepo na majina yake, kwa hiyo kila mahali watu wakampa mgeni jina la mwenyeji aliyemrithi. Kenya likarithi jina la mtungi wa udongo. Kwetu mtungi ukabaki wa udongo, na baadae ukaenda kwenye gesi, kwa hiyo Mtanzania akiambiwa Nairobi "nibebee mtungi" anatafuta gesi iko wapi. Halafu drili ikaja na kazi ambayo mwenye keekee alikuwa anaifanya, mbona haikurithi jina la keekee? Hapo nadhani ni umeme. Waliokuja na drili walikuwa watu wengine, wa karakana na wa chuo, hawakuwa wanafunzi wa fundi mashua, hawakuwa na jina la kurithisha.

Ushahidi wangu mkubwa lakini ni mkonge. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 ukapandwa Kikogwe karibu na Pangani, ukaenea ukanda wote wa Muheza na Korogwe, na mpaka kufika mwaka 1964 Tanganyika ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kazi hiyo ilihitaji watu na watu walitolewa mbali, Songea, Njombe, Kigoma, Burundi, tunawaita manamba mpaka leo, na kuanzia 1944 kulikuwa na ofisi maalumu ya wenye mashamba ya kuwakusanya, ikiitwa SILABU. Fikiria Mngoni, Mbena, Muha na Msambaa wako kambi moja, kila mmoja ana lugha yake nyumbani, na asubuhi wote wanatakiwa wafanye kazi kwenye mashine moja. Ile mashine ya kuchakata majani ya mkonge inaitwa korona, jina lililokuja na mashine za Wajerumani zilizoandikwa Corona, na ndilo jina mpaka leo hata kama mashine yenyewe siku hizi imetengenezwa na kampuni nyingine kabisa. Mwaka 2020 nchi nzima ilivyoshtuka na neno korona, kwenye mashamba ya Tanga lilikuwa ni neno la kazini, watu walikuwa wanasema "naingia korona usiku" tangu babu zao.

Sasa angalia ramani. Mfanyakazi wa mkonge wa Kilosa, mkoa mwingine kabisa, anasema korona, katani, singa, sawasawa na mwenzake wa Muheza. Halafu mvuvi wa Chongoleani, ambaye anakaa mkoa huu huu na anaona maroli ya mkonge yakipita kwenda bandarini, maneno hayo kayajua kwa kusikia tu, hayapo mkononi mwake. Huyo mvuvi ana maneno mengi zaidi yanayofanana na mtu wa Pemba ambaye kuna bahari katikati yao. Ukichora mipaka ya mikoa hupati kitu hapo, lakini ukichora mstari wa mkonge na mstari wa bahari majina yanapangika yenyewe. Hata kamba inafuata hivyo hivyo: bara ya Tanga kamba ni ya katani, na huko chini ufukweni wazee walikuwa wanasokota kamba za makumbi ya nazi, usumba, kwa sababu usumba unastahimili maji ya chumvi. Siku hizi nailoni imeingia pote pawili.

Jikoni sitakaa sana, kila mtu anaandika kuhusu mbuzi wa kukunia nazi na kuchekesha wageni wa bara kwa jina hilo, na naona kicheko hicho kimetufunika tusione mengine. Nazi ina safari yake. Inafuliwa kwenye kifuo, inavunjwa, inakunwa kwa mbuzi, inachujwa kwenye kifumbu, kile kilichosukwa kwa ukindu unachokikamua kama unakamua nguo mpaka tui lote litoke. Kifuo, mbuzi, kifumbu, na kila hatua ina kitendo chake. Sasa hivi kuna blenda na kuna chujio la plastiki, na chujio ni la chai, la juisi, la tui, la kila kitu. Mama mdogo ananunua chujio sokoni Mgandini kwa bei ndogo tu na simlaumu, kifumbu cha kusuka kinaoza na kinahitaji kuanikwa vizuri. Lakini kata na upawa nazo zinaenda hivyo hivyo, kata yenye kina ya kuchotea maji na upawa wa kifuu uliokatwa kina kidogo wa kupakulia mchuzi, vijana wote wanasema kijiko kikubwa. Ungo bado upo, Mombasa wanasema uteo. Mchi upo, na wengi bara wanasema mtwangio. Seredani nimeanza kuiona inapotea hata kwa watu wa pwani, kila kitu ni jiko la mkaa. Na kwenye taa sijui niseme nini, kibatari, koroboi, kandili, chemli, karabai, kila moja na umbo lake na mwanga wake, umeme ulivyofika na sola zilivyokuja yote hayo yamekuwa taa ya zamani.

Kuna mahali ambapo hii habari ya majina inagusa mfuko moja kwa moja, nayo ni vipimo vya sokoni. Debe lilikuwa bati la mafuta ya taa, karibu lita 18, likawa kipimo. Kibaba na pishi ni vya zamani zaidi, vibaba vinne ni pishi moja, na vilikuwa vipimo vinavyojulikana pwani nzima. Sasa kuna sado, kopo la rangi la lita 4 lililoitwa kwa jina la kampuni ya rangi ya Sadolin, na viazi na nyanya vinauzwa kwa sado. Kenya wana gorogoro, nalo ni bati lililogeuzwa kipimo. Mkulima wa Lushoto anayeshusha viazi Tanga na dalali anayenunua wanasema neno moja, sado, lakini kopo la huyu limebonyea chini na la yule limejazwa mpaka linatengeneza mlima. Jina ni moja, ujazo ni miwili. Wakala wa Vipimo wanasisitiza kilo na wanapambana na lumbesa, yale magunia yanayojazwa kupita kipimo, na naunga mkono kabisa, kwa sababu hapa tofauti inaumiza mtu. Lakini naona wangefika mbali zaidi kama wangeanza kwa kuandika kila soko linatumia kopo gani na linaliitaje, kisha wawaambie watu sado moja ya viazi ni kilo kadhaa, kwa lugha ya soko lile. Kumwambia mtu atupe kopo bila kumtafsiria anachokijua kwenda kwenye kilo ni kumwacha mikononi mwa dalali mwenye mzani.

Nirudi kwenye kamusi. Mwaka 1928 wajumbe wa nchi za Afrika Mashariki walikutana Mombasa wakakubaliana Kiunguja ndo kiwe msingi wa Kiswahili cha shule na vitabu, 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya Afrika Mashariki kusimamia hilo, Tanzania ikaunda BAKITA, baraza la Kiswahili la taifa, mwaka 1967, na 1981 tukapata Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Kazi kubwa sana ilifanyika na bila hiyo leo mi nisingeandika hapa nikaeleweka na mtu wa Bukoba. Lakini lahaja za pwani ya huku, Kimtang'ata cha Tanga na Pangani, Kimrima, zilibaki pembeni, na mbaya zaidi kwa upande wa vifaa, maneno yaliyoingia kamusini mara nyingi yameingia bila kuambiwa ni ya nani. Unasoma sepetu, unasoma beleshi, unasoma pauro, kila moja imeelezwa kwa mwenzake, wala huambiwi lipi ni la wajenzi, lipi ni la stima na makaa, lipi limezeeka. Msomaji anatoka na imani kwamba ni visawe, achague anachokipenda. Kwenye kazi hakuna visawe vya namna hiyo, au vipo vichache sana.

Wapo watakaosema tukikubali kila jina tutashindwa kuelewana. Naelewa hofu yao na kuna mahali wana haki kabisa. Mtihani wa taifa unahitaji neno moja. Tenda ya kununua vifaa vya ujenzi inahitaji neno moja, na ikiwezekana picha, manake koleo mia mbili zikija za kubania wakati ulitaka za kuchotea hiyo ni hela ya watu imepotea. Maelekezo ya usalama kwenye mashine yasiwe na utata hata kidogo. Hapo sina ubishi. Ninachokataa ni kuichukua hiyo haja ya ofisini na kuipeleka kwa fundi mwenye miaka hamsini kazini ukamwambia umekosea, hilo sio jina lake. Kijana anatoka chuo cha ufundi anamsahihisha mzee aliyemzidi kila kitu, mzee ananyamaza, na akinyamaza msukano na jivu vimeondoka naye.

Na upande wa pili nao niwaseme, watu wetu wa pwani, tunaojiona Kiswahili ni chetu na mtu wa bara anakiharibu. Hili la koleo la kuchotea zege tunalidharau kama kosa la wakuja. Hilo ni neno lililozaliwa na kazi, kwenye saiti, kwa watu walioujenga huu mji wenyewe, limekaa miaka na linaeleweka na mamilioni. Lina haki ya kuandikwa sawa na dema na juya. Waliosema korona pia walikuwa wakuja.

Kwa hiyo nashauri TATAKI, taasisi ya Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, BAKITA, BAKIZA kwa upande wa Zanzibar, na vyuo vya ufundi vya VETA ambavyo vina wanafunzi kila mkoa, wakusanye majina haya kwa kazi. Kitabu cha bahari, cha useremala, cha mkonge, cha jiko, cha shamba. Wanafunzi wa VETA wapewe hiyo kazi wakiwa mafunzoni kwa vitendo, wako na mafundi kila siku na simu zenye kamera wanazo, hakuna gharama ya kutisha hapo. Kila neno liandikwe mahali lilipotoka na kazi ya aliyelisema, na picha ya kifaa kikiwa kinatumika, maana picha ya kifaa kilicholala mezani haionyeshi mkono unashika wapi.

Na waanze na mafundi wa mashua, kabla ya jikoni, kabla ya saiti. Koleo na chepe hazina haraka, watu watabishana nazo miaka mia ijayo. Vyombo vya mbao ndo vinapungua, boti za faiba zinaongezeka, na fundi wa faiba hana haja na tezo wala deheni. Wakienda wasianze kwa kuuliza hiki kinaitwaje, wataambiwa jina la dukani kwa sababu mtu anadhani ndilo wanalolitaka wasomi. Waombe kukaa tu kazini siku nzima, wamsikilize fundi akiagiza kwa mwanafunzi wake, waulize baadae kile alichosema ni kipi. Na waandike fundi alijifunzia wapi na kwa nani, manake yuko Tanga lakini kama alifunzwa Pemba basi majina atakayoyataja ni ya Pemba, na kama mwalimu wake alikuwa Mbajuni aliyeshuka kutoka Lamu, hayo nayo yaandikwe hivyo hivyo.